Sura ya Tano: Kabla ya Kushuka Sekenke

Anayetoka Singida kwenda Nzega hufika Misigiri akiwa bado juu, kwenye uwanda wa Iramba. Hapo ndipo barabara ya Kiomboi, makao makuu ya wilaya, inapoachana na barabara kuu. Ukiendelea magharibi, nchi inakatika. Barabara inaushuka Mlima Sekenke kwa kona hadi Shelui, kisha inakwenda kwenye mbuga za Wembere kuelekea Igunga. Njia hiyo ndiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, hivyo gari dogo la zamani huweza kuushuka mlima huku lori la kontena liko mbele yake na jingine liko nyuma. Ukishaingia kwenye kona, muda wa kujaribu breki umekwisha.

Baada ya ajali, maneno yanayosikika kwanza ni mawili: breki zilifeli. Yakishasemwa, maswali huishia hapo, kana kwamba kufeli ni sababu. Kufeli ni mwisho wa safari ndefu. Breki za gari la zamani huanza kulalamika wiki au miezi kabla: pedeli hushuka kidogo kuliko jana, gurudumu moja huwa la moto kuliko mengine, chupa ya mafuta ya breki huhitaji kujazwa tena. Dereva huzoea. Fundi akiulizwa, hubadilisha kile kilicho karibu au kile ambacho spea yake ipo dukani. Fedha hutoka, na ugonjwa hubaki.

Katika sura hii nataka kusimamia jambo moja: taja dalili kwa usahihi kabla ya kushika spana. Kila lalamiko la breki lina mahali linakotoka, na vipimo vingi vya kulifuata havigharimu hata shilingi. Vinahitaji mguu, macho, pua, kiganja cha mkono na uvumilivu wa nusu saa.

Magari ninayoyazungumzia yanajulikana. La kwanza ni Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, hasa zile ambazo Watanzania tunaziita mkonga, pamoja na pikapu zake zenye injini ya 1HZ iliyoingia mwaka 1990. Nyingi za umri huo zina diski mbele na dramu nyuma. La pili ni Land Rover 109 ya zamani, yenye dramu kwenye magurudumu yote manne. Magari haya bado yanabeba alizeti, mtama, mifugo, wagonjwa na zana za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hayajachoka kwa sababu ni mabovu. Yamechoka kwa sababu yamefanya kazi miaka mingi, na gari lililofanya kazi kiasi hicho linastahili kupimwa kwa heshima.

Mlima unadai nini

Breki haziui mwendo, zinaugeuza kuwa joto. Gari la tani 3 likishuka mita 100 kwenda chini, kwa wima, kazi ya kulizuia lisiongeze mwendo hutoa joto linalotosha kuchemsha lita 8 hivi za maji ya baridi hadi yatokote. Dereva akitumia breki peke yake, joto lote hilo huingia kwenye diski, dramu, pedi na shuu, na sehemu yake hufika kwenye mafuta ya breki. Na mwendo nao una hesabu yake: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara nne ya lile linalokwenda 40.

Joto hilo huziumiza breki kwa njia tatu, na kila njia ina dalili yake pedelini. Pedi na shuu zikipita kiwango chake cha joto, hupoteza mshiko: pedeli inabaki juu na ngumu, mguu unasukuma kwa nguvu, gari halipunguzi mwendo, na harufu ya kuungua inapanda. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na shuu, hivyo pedeli inakuwa ndefu. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kirahisi: pedeli inazama hadi sakafuni.

Njia hiyo ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi, maana gari lilikuwa zima asubuhi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Kwa hiyo gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa kwa miaka mingi linaweza kusimama vizuri kabisa sokoni Kiomboi na kukosa breki kabisa katikati ya Sekenke. Mafuta meusi au yenye rangi ya chai nzito kwenye chupa yana umri mkubwa, hata kama ujazo umefika alama ya juu.

Pedeli inasema nini

Mazungumzo ya gereji huanza hivi:

"Fundi, gari halishiki breki."

"Halishiki vipi, mzee? Pedeli inazama, inadunda, au ngumu?"

Fundi anayeuliza swali hilo la pili ameshafanya nusu ya kazi. Asiyeuliza, mwombe aulize, au jiulize mwenyewe. Weka gari tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, zima injini, kisha kanyaga polepole mara kadhaa hadi pedeli iwe ngumu. Hapo busta imeishiwa akiba yake ya vakyumu, na unachokisikia sasa ni mafuta na vyuma peke yake.

Lalamiko la kwanza ni pedeli inayozama taratibu. Umekanyaga kwa nguvu ya wastani, ukaushikilia mguu hapohapo, na pedeli inaendelea kwenda chini kama inayoyeyuka. Mafuta yanatoroka mahali fulani. Kagua nje kwanza: mabomba, mipira, kalipa, wili silinda. Kama kote ni kukavu na chupa haipungui, mafuta yanapita ndani ya masta silinda, kwenye raba zilizolika. Hilo ni kosa linalofichika kwa sababu hakuna tone linaloanguka chini. Wakati mwingine pedeli hushika vizuri ukikanyaga kwa ghafla na kuzama ukikanyaga polepole. Anayelijaribu gari kwa kukanyaga ghafla tu atasema ni zima.

Lalamiko la pili ni pedeli inayodunda. Inashuka, kisha inarudisha mguu. Huo ni upepo ndani ya mabomba, na dawa yake ni kuutoa, gurudumu kwa gurudumu, kwa kawaida ukianzia lililo mbali zaidi na masta silinda. Lakini swali halijaisha. Upepo uliingiaje? Kama mfumo haukufunguliwa karibuni na chupa haikuwahi kukauka, kuna mahali panapovuja. Kutoa upepo kila mwezi bila kutafuta tundu ni kulipia ugonjwa uendelee.

Lalamiko la tatu ni pedeli ndefu. Mkanyago wa kwanza unakwenda mbali, wa pili unashika juu na kwa uthabiti. Mafuta yapo, upepo haupo, ila shuu ziko mbali na dramu. Kwenye mkonga nyingi za zamani, shuu za nyuma hujirekebisha handbreki inapovutwa. Dereva asiyeitumia handbreki, au ambaye vikono vyake nyuma ya dramu vimeganda kwa kutu na matope, huwa na breki za nyuma zinazozidi kurudi mbali siku hadi siku. Hapo pedi za mbele hufanya karibu kazi yote, huisha haraka, na mwenye gari hulaumu ubora wa pedi. Kwenye Land Rover 109 marekebisho hufanywa kwa spana, gurudumu moja baada ya jingine, na husahaulika kwa urahisi.

Pedeli ndefu ina chanzo kingine ambacho wengi hukipita: beringi za magurudumu ya mbele zilizolegea. Diski inapoyumba barabarani huzisukuma pedi na pistoni zirudi nyuma, na mkanyago unaofuata hutumika kuzirudisha. Ukiona pedeli ni fupi gari likiwa limesimama, lakini ndefu baada ya kilomita chache za makorongo, inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise.

Lalamiko la nne ni pedeli ngumu. Mguu unasukuma ukuta na gari linasimama kwa shida. Mafuta yapo salama, kinachokosekana ni msaada wa busta. Kipimo chake ni chepesi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga hadi pedeli iwe ngumu, shikilia, kisha washa. Pedeli inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, fuata mpira wa vakyumu, vali yake ya upande mmoja, busta yenyewe, na pampu ya vakyumu.

Kwa 1HZ neno hili la mwisho lina uzito. Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye mlango wa kuingizia hewa, kwa hiyo hupewa pampu yake, na kwenye baadhi ya injini za dizeli pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Kama yako ni ya namna hiyo, fenibelti ikikatika, alteneta husimama na pampu husimama nayo. Taa ya betri ikiwaka ukiwa mlimani, usifikiri umeme peke yake. Baada ya mikanyago michache pedeli inaweza kuwa ngumu. Kagua fenibelti Misigiri, na hakikisha unayo ya akiba.

Fuata mafuta

Mafuta ya breki hayaliwi na injini. Chupa ikipungua kuna sababu mbili: pedi zimelika na pistoni zimesogea nje, jambo ambalo huishusha chupa kidogo na taratibu, au yanavuja. Chupa inayojazwa mara kwa mara ni gari linalovuja.

Anza pale masta silinda inapokutana na busta. Rangi iliyobabuka chini ya kiungo hicho ni ushahidi, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Raba ya nyuma ya masta silinda ikichoka, mafuta huingia ndani ya busta na kukaa humo bila kuonekana. Fungua nati za masta silinda, isogeze mbele kidogo, uangalie.

Kisha lala chini ya gari. Fuata mabomba kwenye chasisi, hasa pale yanapobanwa na vishikizo, maana matope ya mbuga hukaa hapo na kutunza unyevu msimu mzima. Mipira ya kwenda magurudumuni ikunje kwa vidole. Ikiwa na nyufa au imevimba, siku zake zimekwisha.

Mwisho tazama upande wa ndani wa kila gurudumu. Unyevu ukionekana nyuma ya dramu, unuse kabla ya kununua spea. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi na huoshika kwa maji. Tofauti hiyo inaamua safari yako ya dukani. Kama ni mafuta ya breki, wili silinda imechoka. Kama ni oili ya difu, sili ya habu imepasuka, na kubadilisha wili silinda hakutasaidia chochote. Kabla ya kufunga sili mpya, tazama tundu la kupumulia la difu. Likizibwa na tope, joto hujenga shinikizo ndani na kuisukuma oili ipite hata kwenye sili nzima.

Shuu zilizolowa hazifuliki. Wapo wanaoziosha kwa petroli, wengine huzichoma moto mpaka zikauke. Oili imeshaingia ndani kabisa, na itatoka tena joto litakapopanda, yaani mlimani. Badilisha shuu za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, zilingane.

Gari linalovuta upande

Kosa la utambuzi ninaloliona likirudiwa kuliko yote ni hili. Gari likikanyagwa breki linavuta kulia, na gurudumu la kulia linafunguliwa. Gari huvuta kuelekea upande unaoshika zaidi. Mara nyingi gurudumu la kulia ni zima na mgonjwa ni la kushoto: pistoni ya kalipa imeganda, pedi zimelowa grisi iliyovuja kutoka kwenye nakoli, au mpira wa breki umeziba ndani. Anza na upande ulio kinyume na mvuto.

Kama gari linavuta hata bila kukanyaga breki, hesabu inageuka. Hapo gurudumu la upande unaovutwa ndilo linalong'ang'ania. Endesha kilomita chache ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila habu bila kugusa. Moja likiwa la moto kupita mengine, umelipata.

Linalong'ang'ania lina maswali matatu. Liinue kwa jeki na ulizungushe. Kama halizunguki, legeza nipeli ya kutolea upepo. Likiachia papo hapo, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani, na mtuhumiwa wa kwanza ni mpira wa breki. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani na kuwa kama vali: nguvu ya mguu huyapitisha mafuta kwenda, lakini hayana nguvu ya kurudi. Nje unaonekana mzima. Kama nipeli imefunguliwa na gurudumu bado limekamata, tatizo ni la chuma: pistoni iliyoganda, springi za shuu zilizokatika, au handbreki isiyorudi. Na kama magurudumu yote yanang'ang'ania pamoja, panda juu kwenye pedeli na masta silinda. Kijiti cha busta kilichorekebishwa kirefu mno huziba njia ya mafuta kurudi kwenye chupa.

Mtetemo una lugha yake pia. Usukani ukitetemeka wakati wa breki, tazama diski za mbele. Mwili wa gari au kiti kikitetemeka, tazama dramu za nyuma. Zikichongwa, zipimwe: diski ina unene wa mwisho na dramu ina upana wa mwisho, na kwa kawaida kipimo hicho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Dramu iliyochongwa kupita kipimo hupata moto haraka na kutanuka zaidi.

Mzigo, springi na vali iliyosahaulika

Nyuma ya mkonga nyingi, juu ya ekseli, kuna vali yenye mkono wa chuma ulioungwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali hupunguza shinikizo la breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Gari likibeba, chasisi hushuka, na vali huziachia breki za nyuma zifanye kazi yao kamili.

Sasa fikiria tunavyoyafanya magari yetu. Mwenye pikapu anataka kubeba magunia zaidi ya alizeti, anaongeza majani ya springi. Gari linabeba na halibonyei tena. Kwa vali ile, gari hilo daima ni tupu. Mzigo umeongezeka, na breki za nyuma zimepunguziwa nguvu. Mbele kunabeba kazi yote, pedi zinaungua, na kwenye mteremko dereva anashangaa kwa nini gari lenye spea mpya halisimami. Mahali pengine mkono wa vali umeganda kwa kutu au umekatwa kabisa. Ukiongeza springi, mkono huo urekebishwe kulingana na urefu mpya wa gari. Na wakati wa kutoa upepo, kumbuka kwamba vali hiyo huwa na nipeli yake.

Kwa hiyo jaribio la breki la gari la mzigo lifanywe likiwa na mzigo wake. Pikapu tupu inayosimama vizuri uani kwa fundi haijathibitisha kitu kuhusu Sekenke.

Njia za mkato zinazoua

Nasema bila kuzunguka: zipo kazi za gereji ambazo zinapaswa kukataliwa, hata zikitolewa kwa bei rahisi na kwa nia njema.

Kukunja bomba la gurudumu linalovuja, au kuliziba kwa nati, ili gari liendelee na breki tatu. Gari hilo litavuta upande kila linapokanyagwa, na kwenye kona lenye mzigo litageuka.

Kujaza oili ya injini, oili ya gia boksi au maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Oili za aina hiyo huvimbisha raba za mfumo mzima kwa siku chache. Fungua kifuniko cha chupa, tazama raba yake. Ikiwa imevimba na kulegea hadi haikai tena mahali pake, mtu aliwahi kumimina kisichostahili. Hapo kumwaga na kujaza upya hakutoshi: raba zote na mipira yote ibadilishwe, na mabomba yasafishwe.

Kuchanganya mafuta ya silikoni ya DOT 5 na DOT 3 au DOT 4. Hayaungani. DOT 3 na DOT 4 zinaelewana, lakini kopo lililokaa wazi rafuni limeshanyonya unyevu. Nunua lililofungwa, na lililobaki usiliweke kwa ajili ya mwakani.

Kupuliza vumbi la shuu kwa kompresa. Shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, inayosababisha saratani. Lowesha vumbi kwa maji kabla ya kufungua, na watoto wakae mbali. Afya ya fundi na ya kijana anayejifunza kwake ni sehemu ya kazi hii.

Na mwenye Land Rover ya zamani sana ajue kama mfumo wake una njia moja ya mafuta au mbili. Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na njia mbili kuanzia mwaka 1968, lakini Land Rover nyingi za miaka hiyo na iliyofuata ziliendelea kuwa na moja. Kwenye gari la njia moja, bomba moja likipasuka breki zote nne hupotea pamoja. Gari la namna hiyo lina akiba moja tu, handbreki, na handbreki ya Land Rover ya zamani hushika shafti inayotoka gia boksi. Ni ya kuegeshea. Ukiivuta gari likiwa mwendoni inaweza kuvunja vyuma.

Nusu saa ya Misigiri

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu, na ufuatwe kwa zamu yake kwa sababu kila hatua inapunguza maswali ya hatua inayofuata.

Angalia chupa: ujazo, rangi, raba ya kifuniko. Kanyaga pedeli injini ikiwa imezimwa, hesabu hadi thelathini ukiwa umeshikilia, uone kama inazama. Washa injini mguu ukiwa juu ya pedeli, uone kama busta inaitika. Lala chini, fuata mabomba na mipira, nusa nyuma ya magurudumu. Vuta handbreki kwenye mwinuko mdogo, uone kama inalishika gari na mzigo wake. Kisha tafuta kipande cha barabara kilicho wazi, nenda kilomita 30 kwa saa, mikono ikiwa myepesi kwenye usukani, ukanyage. Gari lisimame limenyooka. Rudia mara tatu. Mwisho shuka, sogeza kiganja kwenye habu nne na ulinganishe joto. Msimu wa mvua ongeza jambo moja: ukitoka kwenye maji au tope, kanyaga breki kwa wepesi gari likiwa linatembea mpaka zikauke, na tope lililojaa ndani ya dramu lioshwe kabla halijageuka msasa.

Gari lililopita vipimo hivi bado linahitaji dereva. Gia nzito iwekwe kabla ya mteremko kuanza, maana kuitafuta katikati ya mlima ni hatari. Injini ndiyo ibebe gari. Breki zikanyagwe kwa uthabiti kupunguza mwendo, kisha ziachiwe zipoe. Mguu usikae juu ya pedeli mlima mzima. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli ni kuzikabidhi breki kuukuu kazi ambayo injini ingeifanya bure. Kuzima injini ni kubaya zaidi, maana pampu ya vakyumu husimama. Pedeli ikianza kuwa ndefu au harufu ikipanda, simama panapofaa, weka mawe, subiri. Usimwage maji kwenye diski au dramu yenye moto, kwani chuma cha kusubu hupasuka.

Neno la mwisho ni kwako mwenye gari, kuliko dereva au fundi. Dereva unayemlipa kwa safari hatakuambia kuwa pedeli inazama ikiwa anajua utamtafuta mwingine wa kuchukua nafasi yake. Fundi hatabadilisha mipira minne ikiwa umempa fedha ya mmoja. Uamuzi wa kushuka au kutoshuka unatoka mfukoni mwako. Mpe dereva ruhusa, mbele ya watu, ya kulala Misigiri gari likionyesha lolote kati ya haya: pedeli inayozama, chupa inayopungua, gurudumu linalovuta, au taa ya betri iliyowaka. Mzigo uliochelewa siku moja utafika. Shusha magunia, ita fundi, taja dalili, tengeneza, ndipo ushuke.